Kupanda Manga kwa Mwendo wa Kitinda Mimba

 

Neno letu la leo liko Mwanzo 33, mstari wa 12 hadi wa 14. Lisome kwanza kisha urudi hapa, kwa maana leo sitahubiri sana. Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli.

Shule zinafungwa Agosti, na kuna familia kadhaa za kanisa letu ambazo zimeamua kwamba likizo hii zitapanda Manga kwa baiskeli. Wazo lililetwa na vijana, akina baba wakalidaka, na sasa kila nikimaliza ibada kuna mtu ananivuta kando kuniuliza kuhusu cheni na matairi kana kwamba mimi ni fundi. Nimefurahi sana. Mlima huu tunauona miaka yote. Ukiwa Kisii mjini ukiinua macho, huo hapo. Ukiwa upande wa Nyamira, uko juu yake tayari au uko ubavuni mwake. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuupanda na watoto wao, wakasimama juu siku ya anga safi wakaona mji uko chini kama viberiti na macho yakasafiri hadi upande wa ziwa?

Sasa, baba mmoja alinitumia mpango wake. Ni mpango uliopangwa hadi dakika. Yeye na wavulana wake wawili wanaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli. Mama na kitinda mimba, binti wa miaka tisa, wanakuja saa nne na Probox iliyobeba chakula. Wanakutana juu, wanakula, wanapiga picha, wanashuka. Akaniuliza, "Pasta, unaonaje?" Amenipa ruhusa nijibu hapa mbele ya watu, kwa sababu mipango mingine niliyoonyeshwa imefanana na wake kama mapacha.

Ndugu yangu, hiyo si safari ya familia. Ni safari ya wanaume watatu na wapishi wawili.

Najua neno hilo ni kali. Lakini tazama lile andiko. Yakobo amekutana na Esau baada ya miaka mingi ya hofu, wamelia, wamekumbatiana. Esau ana watu mia nne, wanaume wa safari. Anamwambia kaka yake, haya twende pamoja, nitatangulia mbele yako. Na Yakobo anakataa! Anamwambia bwana wake Esau kwamba watoto ni wachanga, kuna mifugo inayonyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja tu kundi lote litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama na wa watoto. Mtu mzima, mwenye mali, aliyetoka kushindana na malaika usiku kucha, anasimama mbele ya jeshi na kusema bila haya kwamba mwendo wake leo utaamuliwa na watoto.

Huo ndio mpango ninaoutetea. Usianze na nguvu zako, baba. Usianze na kijana wa Fomu Tatu mwenye miguu kama ya swala. Anza na yule wa mwisho. Yeye anaweza kupanda kwa mwendo gani, kwa muda gani kabla ya kupumzika, kwa baiskeli ipi? Ukishajua hayo, umepata saa ya kuondoka, njia, chakula na mahali pa kugeukia. Ukianza na mwenye nguvu, utafika mahali ambapo lazima umtoe mtu kwenye safari ili mpango usimame. Na anayetolewa huwa ni yule yule. Mama na binti.

Nimesikia pingamizi. Ndugu mmoja aliniambia, "Pasta, ukiwapeleka wavulana kwa mwendo wa mtoto wa miaka tisa, utawaharibu. Bingwa hutengenezwa kwa kusukumwa." Haya, tuzungumze basi juu ya mabingwa, maana katika jambo hili tunao wetu.

Kule Ufaransa kuna mlima unaoitwa Alpe d'Huez. Katika dunia ya baiskeli hakuna mpando unaotajwa zaidi ya huo. Ni kilomita 13.8, na una kona 21 za kujikunja kama nyoka. Wastani wa mwinuko wake ni kama asilimia 8, maana yake kila mita 100 unazokwenda umepanda mita 8. Mbio za Tour de France ziliupanda mara ya kwanza mwaka 1952 na Fausto Coppi wa Italia akashinda siku hiyo. Mwaka 2008 vijana wawili Wakenya, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa huko na mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliyeamini kwamba nchi inayotoa wakimbiaji inaweza kutoa na waendesha baiskeli. Hawakuwa wa timu yoyote kubwa. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde chache. Watu waliobobea katika mchezo huo walishtuka.

Halafu kuna Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na baiskeli ya milimani alifundishwa na David Kinjah, Mkenya mwenzetu, kwenye vilima vya kule Kikuyu. Baadaye alishinda Tour de France mara nne. Mwaka 2013, mwaka aliposhinda mara ya kwanza, siku moja ya mashindano iliwapandisha Alpe d'Huez mara mbili. Kwenye mpando wa pili, akiwa amevaa ile jezi ya njano ya kiongozi, Froome aliishiwa. Sukari mwilini ilikwisha, miguu ikakataa. Ni nani aliyemwokoa? Mwenzake wa timu, Richie Porte wa Australia, alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu kumtafutia chakula, akampelekea, kisha wakapanda pamoja. Sheria ilikuwa hairuhusu kuchukua chakula karibu hivyo na mwisho, na wote wawili waliongezewa sekunde 20 za adhabu. Walikubali hasara hiyo kuliko kumpoteza mtu mlimani.

Kwa hiyo usiniambie kwamba mabingwa hawangojani. Kwenye mlima mgumu mwenye nguvu aligeuza uso akarudi kumhudumia aliyeishiwa. Na aliyeishiwa siku ile ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mashindano yote!

Kwa wavulana wenye nguvu nina dawa, na haiwaharibu hata kidogo. Mpe kijana wako kazi ya kutangulia hadi alama inayofuata, tuseme ile mikaratusi ya kona, kisha ateremke arudi hadi mlipo na kupanda tena pamoja nanyi. Atapanda mlima mara mbili. Jioni atakuwa amechoka kuliko mtu yeyote, na atakuwa amejifunza kwamba nguvu alizopewa zina njia ya kurudi kwa wenzake. Kijana wa miaka kumi na sita ukimwambia "ngoja dada yako" atanuna. Ukimwambia "nenda uone kama njia ni nzuri, urudi utuambie" ataruka kama mbuzi.

Alama nilizotaja nazo zipangwe mapema. Kule Alpe d'Huez kila kona ina kibao chenye namba, na namba zinahesabiwa kurudi nyuma, kuanzia 21 chini hadi 1 juu. Mpandaji hafikirii mlima wote, anafikiria kibao kinachofuata. Manga haina vibao, basi jitengenezeeni. Wiki moja kabla, baba na mama nendeni mkaitembelee ile njia kwa miguu au kwa baiskeli. Si kwa Probox, kwa sababu ukiwa ndani ya gari kilima huwa kinajificha. Andikeni kwenye karatasi: duka lenye mabati ya bluu, mti, kanisa, jiwe kubwa, kisima, nyumba ya shangazi. Pasipo na kitu, hesabuni hatua. Mpe kitinda mimba ile karatasi aibebe mfukoni mwake, awe ndiye anayetangaza kwamba kibao cha tisa kimepita. Mtoto mwenye cheo hachoki haraka.

Njia za kupanda ziko zaidi ya moja, za upande wa Kisii na za upande wa Nyamira. Nimeulizwa ipi ni bora. Iliyo bora ni ile yenye malori machache, hata kama ni ndefu zaidi, na yenye mahali pa kusimama pembeni bila kuingia mtaroni. Mengine mtaamua wenyewe mkishaitembelea.

Sasa baiskeli. Hapa wengine mmeanza kuangalia bei na kupiga hesabu za mkopo. Tafadhali, usifulize kwa ajili ya baiskeli! Luka 14:28 inasema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, haisemi juu ya mtu anayekopa halafu akahesabu. Wengi mna blakmamba nyumbani, ile ya chuma ya babu yenye keria nyuma. Ni baiskeli ya heshima, imesomesha watu, imebeba ndizi na maziwa na wagonjwa. Lakini ni nzito na haina gia, na kwenye mlima itakushusha utembee. Hakuna aibu. Mlimani hapa kwetu kila mtu ameona mzee akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu. Kusukuma si dhambi, na kwenye mpango wako uandike kabisa kwamba sehemu fulani mtasukuma wote, ili mtoto asijione ameshindwa peke yake.

Kama kuna baiskeli moja tu ya gia katika ukoo, zile za mitumba, hiyo usipande wewe. Apewe mwenye miguu dhaifu, mradi urefu umfae na mguu ufike chini akisimama. Mwonyeshe jinsi ya kuweka cheni kwenye duara kubwa la nyuma na dogo la mbele kabla mlima haujaanza, si katikati ya mlima cheni ikiwa imekaza. Nimeona baba anapanda baiskeli nzuri ya gia huku mtoto anahangaika na ile iliyopinda. Katika nyumba ya imani mambo yasiende hivyo.

Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Mtoto akiweza kukusimulia jambo kwa sentensi nzima huku anapiga pedeli, mwendo ni sawa. Akijibu kwa neno moja moja na kuhema, umemkimbiza. Punguza. Na hapa ndipo moyo wangu ulipo, wapendwa, niseme tu wazi. Wako watoto kanisani mwetu wanaomjua baba kama sauti ya simu na ujumbe wa M-Pesa ya karo. Baba yuko Nairobi, yuko Mombasa, yuko Narok kwenye mahindi, anarudi Agosti na Desemba, na akirudi ana wiki mbili zilizojaa mazishi, mikutano ya harambee na kesi za mipaka ya shamba. Simlaumu, ndivyo maisha yalivyo kwetu, mashamba ni madogo na watu ni wengi. Lakini mpando wa saa tatu kwa mwendo wa kuongea, bila simu, ni saa tatu ambazo mtoto hatazipata mahali pengine. Atakuambia mambo ya shule ambayo hujawahi kuyasikia. Ukitangulia na wavulana ukamwachia mama yule binti ndani ya gari, umezitupa saa hizo, na ni yeye hasa aliyezihitaji. Mwaka hadi mwaka tunakaa kwenye mikutano tukiuliza kwa nini wasichana wetu wanasikiliza wanaume wa nje. Mtu wa nje alipata nafasi ya kuongea nao kabla yetu!

Kuna na hili la wasichana na baiskeli. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama si vibaya binti aliyekua kupanda baiskeli mbele ya watu. Mama yangu, nimetafuta katika Biblia yangu yote sikuiona amri hiyo. Niliona binti watano wa Selofehadi katika Hesabu 27 wakisimama mbele ya Musa na wazee kudai sehemu yao pamoja na ndugu za baba yao, na Mungu akasema wamenena haki. Avae suruali ya michezo au sketi iliyofungwa vizuri, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia kinaingia kwenye cheni na kuangusha mtu. Sababu ni hiyo moja, ya cheni. Kamba za viatu nazo ziingizwe ndani.

Na mama wa nyumba? Muulize. Sisi Wagusii mama tunamwita "baba" na baba tunamwita "tata", wageni huwa tunawachanganya sana, lakini katika safari hii sitaki mchanganyiko. Mama aulizwe kama anataka kupanda, na aulizwe mapema, kabla kazi ya kupika chapati za watu sita haijapangwa kuwa yake. Labda atasema hapana, ana mimba, ana mgongo, hapendi tu. Sawa, amejibu. Kama nyanya anataka kuja na gari kuona watoto wakifika juu, huyo hajaachwa nyuma, huyo amealikwa. Tofauti ni kwamba mtu ameulizwa.

Mizigo. Soma Mwanzo 22 mstari wa 6 uone jambo ambalo wengi tunalipita. Ibrahimu alipokuwa anapanda mlima na Isaka, kuni alimtwika kijana, lakini moto na kisu alivichukua yeye mwenyewe mkononi. Chenye hatari kilikaa kwa baba. Basi na wewe beba vizito na vya hatari: spana, pampu, viraka vya pancha, dawa, maji ya akiba. Mtoto abebe kofia yake na ndizi zake. Usimtwike mkoba mgongoni akiwa anapanda, utamvuta nyuma.

Chakula mnacho shambani. Ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa, mahindi, uji wa wimbi kwenye chupa. Waleni kidogo kidogo kuanzia kibao cha tatu au cha nne, hata kama hakuna anayelia njaa. Mkumbukeni Froome. Akiishiwa bingwa aliyezungukwa na magari na madaktari, mtoto wako ataishiwa pia. Wapo walioniambia wanataka kuifanya siku hiyo iwe ya kufunga na kuomba kwa sababu Manga ni mahali pa maombi. Kweli watu hupanda kule kuomba, nami nawaheshimu. Funga yako ifunge siku nyingine. Mtoto anayepiga pedeli asifungishwe na mtu.

Nani atakaa nyuma kabisa? Swali hili hakuna mpango hata mmoja kati ya nilioonyeshwa uliolijibu, na kwangu ndilo la kwanza. Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 17 na wa 18, Mungu anawakumbusha Israeli walichofanyiwa na Amaleki njiani. Hakuja mbele penye wapiganaji. Alipiga mkia, wale waliochoka na kudhoofika nyuma. Barabara zetu nazo zina Amaleki wake: pikipiki inayoteremka na abiria wanne, lori la mawe, Probox iliyochelewa. Tumezika watu wa kutosha. Mtu mzima mwenye nguvu na akili tulivu akae mwisho, avae nguo inayong'aa, na hakuna mtoto aliye nyuma yake hata kwa dakika moja. Wote mkae upande wenu wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na kofia ngumu kwa kila kichwa. Kofia mnaweza kuazimana, familia zisipande siku moja.

Siku yenyewe chagueni ya katikati ya wiki, si siku ya soko la njiani. Wenye binamu Waadventista wanaotaka kuja nao, na karibu kila nyumba hapa inao, mnajua Jumamosi haiwezekani. Na ondokeni mapema. Hapa kwetu mvua haina likizo. Hata Agosti asubuhi inaweza kucheka na saa nane mawingu yakakusanyika kutoka upande wa ziwa, na udongo wetu mwekundu ukishalowa unakuwa sabuni. Nasema muwe mmeshashuka kabla ya saa saba.

Kwa hiyo wekeni saa ya kugeuka. Mimi ningesema saa tano kamili. Popote mtakapokuwa saa tano, hata kama kilele kiko vibao viwili juu, mnakaa, mnakula, mnaimba wimbo mmoja, mnageuza. Baba wengi watapigana na jambo hili rohoni. Wajuzi wa Biblia mmekwisha kuona kwamba Yakobo alimwambia Esau wataonana Seiri, na mstari wa 17 unatuonyesha amekwenda Sukothi, akajenga nyumba huko. Wengine hulihubiri kama udanganyifu, na huenda wana hoja. Mimi leo naona baba ambaye hakufika alipotaja, na watoto wake wote wakalala salama usiku ule.

Mkifika juu, watoto wataomba kuona Ngoro ya Mwaga, kwa sababu wamesikia hadithi zake kutoka kwa nyanya. Wasimulieni. Hadithi ya wazee wako si ibada, ni kumbukumbu, na mtoto anayejua mlima wake una jina na habari ataupenda. Ila mbali na ukingo! Upande ule wa mteremko mkali mshikeni mkono kila aliye chini ya miaka kumi na miwili, na simu za kupiga picha zishikwe na mtu aliyekaa.

Kushuka ndiko kunakonitisha kuliko kupanda. Kupanda ukichoka unasimama tu. Kushuka, breki zikichoka wewe unaendelea. Msibane breki mfululizo, banani na kuachia, banani na kuachia, nyuma na mbele kwa pamoja, na simameni kila baada ya vibao viwili mguse rimu. Zikiwa moto, pumzikeni. Breki za vyuma za blakmamba zikilowa maji hazishiki, kwa hiyo mvua ikiwakuta juu, teremkeni kwa miguu mkisukuma, hata ikichukua saa mbili. Asibebwe mtu kwenye keria wakati wa kushuka, hata kitinda mimba akilia. Na wakati wa kushuka wavulana wasitangulie. Mbele akae mtu mzima anayeweka mwendo na hakuna wa kumpita.

Yule ndugu wa mpango wa kwanza tumezungumza naye tena juzi. Bado anaona wavulana watachoshwa na mwendo, lakini amekwenda kuazima baiskeli ya gia kwa shemeji yake kwa ajili ya binti, na mama amesema yeye atapanda hadi kibao cha kumi, kisha ataona.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili leteni baiskeli zote mtakazozitumia. Ndugu zetu wawili mafundi watakuwa chini ya ule mparachichi na spana zao, watakagua breki, spoki na matairi bila malipo, mpira wa breki ukihitajika utanunua mwenyewe. Baiskeli ya mtoto iletwe na mtoto mwenyewe, akiwa ameipanda, tuone kama inamfaa.